VPM wako wengi, lakini wahamaji wa vita wako kwa nani?

Jumamosi iliyopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, simu ya nne ilitoka kwenye kampi moja ya wahamaji wa vita, pembeni ya mji wa Bunia. Mama aliyepiga hakusalimia kwa urefu, inite zake zilikuwa zinaisha. Aliuliza moja kwa moja: “Ndugu mwandishi, kila siku tunasikia kwa redio VPM huyu amesema hivi, VPM yule amesema vile. VPM ni mtu gani? Kama ni makamu wa Waziri Mkuu, mbona wako wengi hivyo? Siku mama Waziri Mkuu akigonjwa, nani anabaki kwenye kiti? Na sisi wa kampi tuko kwa nani kati yao?” Kisha simu ikakatika.

Nilijibu haraka kwa dakika mbili, maana fundi wa studio alikuwa tayari ananionyesha saa. Jioni nikasikiliza tena ile sauti, nikaona mama ameuliza maswali manne, mimi nimejibu moja na nusu. Basi naandika hapa yale niliyopaswa kusema, pamoja na maoni yangu, ambayo kwenye mikro huwa siyatoi.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo fupi. VPM ni Vice-Premier Ministre, makamu wa Waziri Mkuu. Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 90, inasema serikali ina Waziri Mkuu, mawaziri na manaibu waziri. Halafu inaongeza kwamba, ikiwa kuna haja, inaweza kuwa pia na makamu wa Waziri Mkuu, mawaziri wa nchi na mawaziri wajumbe. Kwa Kifaransa imeandikwa « le cas échéant ». Maneno matatu tu, na nawaomba myashike, nitayarudia. Maana yake ni kwamba Katiba hailazimishi kuwe na VPM hata mmoja. Inaruhusu tu, kama kuna sababu.

Kifungu hicho hicho kinasema Waziri Mkuu akizuiliwa, kiti chake kinashikwa kwa muda na memba wa serikali anayewatangulia wengine kwa cheo. Anayetangulia tunamjua kwa ile orodha ya ordonansi ya Rais. Ndiyo maana usiku ule wa mwezi wa tano 2024, serikali ya mama Judith Suminwa iliposomwa kwenye televisheni ya taifa, watu wa siasa hawakusikiliza majina peke yake, walikuwa wanahesabu nani ametajwa wa kwanza, nani wa pili. VPM walikuwa sita: wa Mambo ya Ndani, wa Usafiri, wa Ulinzi, wa Kazi za Leta, wa Uchumi na wa Mpango. Aliyetajwa wa kwanza alikuwa Jacquemain Shabani, wa Mambo ya Ndani. Kwa hiyo mama, jibu la swali lako la tatu ndilo hilo. Mama Waziri Mkuu akisafiri au akilazwa, anabaki yule wa kwanza. Wa kwanza naye akikosekana, anafuata wa pili, hivyo hivyo mpaka chini.

Wengine wote, siku za kawaida, ni mawaziri wenye kiti kirefu kuliko wenzao. Wanaweza kuongoza kikao cha mawaziri kadhaa. Wanatangulia kwenye picha, kwenye magari na kwenye kusalimiana uwanja wa ndege. Lakini VPM wa Uchumi hawezi kumwamuru waziri wa barabara, wala VPM wa Usafiri hawezi kuhamisha kikosi cha jeshi. Na hakuna kati yao anayemrithi Rais wa Jamhuri, hilo wengi wananiuliza pia. Kiti cha Rais kikibaki wazi, Katiba inamwita prezida wa Seneti. Makamu wa Rais hatuna tena tangu 2006.

Sasa niseme kwa nini mambo haya ya vyeo yananiuma mimi mtu wa Ituri.

Kuna siku, miaka michache nyuma, mkubwa mmoja mwenye cheo cha namna hiyo alifika kwenye kampi moja ya jimbo letu. Jina lake naliacha, na kampi naiacha. Watoto waliimba tangu saa moja asubuhi, yeye akafika karibu saa nane mchana. Magari nilihesabu 23 kisha nikaacha. Prezida wa kampi, mzee mtulivu sana, alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi ya daftari: maji, bashi zinazovuja, usalama wa njia ya shambani, na watoto wenye umri wa shule walio nje ya shule. Mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake hapo. Akasema: “Nimewasikia, mambo yote haya naenda kuyaweka mezani Kinshasa, mtarudi kwenu karibuni.” Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa na mikro mbele yake, nikauliza ni lini, na wizara gani itafuata jambo la maji. Msaidizi wake akaushusha mkono wangu kwa upole.

Niliporudi pale miezi baadaye, mzee alikuwa bado na ile karatasi, imekunjwa ndani ya kitambulisho chake cha mpiga kura. Akaniuliza kama yule VPM bado yuko. Nikamwambia amebadilishwa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: “Basi meza pia imebadilishwa.”

Neno hilo la mzee sijalisahau. Kosa halikuwa la mkubwa yule peke yake. Wizara yake haikuwa na kazi ya visima, wala ya shule. Alikuja na cheo kinachoonekana kama cha kila kitu, watu wakamwomba kila kitu, naye hakuwa na moyo wa kusema hapa kwangu si mahali pake. Cheo cha makamu kinadanganya pande zote mbili.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Makamu wa kwanza wa Waziri Mkuu katika nchi hii alikuwa mmoja tu, na kazi yake aliifanya mpaka ikamfikisha jela. Ni Antoine Gizenga. Tarehe 30 mwezi wa sita 1960 tunapata uhuru, Kasa-Vubu ni Rais, Lumumba ni Waziri Mkuu, Gizenga ni makamu wake. Mtu wa Kwilu, wa chama cha PSA, si wa chama cha Lumumba. Miezi miwili tu ikapita. Tarehe 5 mwezi wa tisa Kasa-Vubu akamfukuza Lumumba kwa redio, (ndiyo, kwa redio, sisi watu wa mikro tuna dhambi zetu za zamani), na tarehe 14 kanali Mobutu akachukua mamlaka.

Hapo ndipo swali la mama wa simu ya nne lilipoulizwa mara ya kwanza katika historia yetu, si kwa ugonjwa, kwa nguvu: kiongozi akizuiliwa, nani anabaki? Gizenga akasema ni mimi. Akapanda kwenda Stanleyville, Kisangani ya leo, na mwezi wa kumi na mbili 1960 akatangaza kwamba serikali halali iko pale. Wazee wa hapa kwetu wanakumbuka, kwa sababu wakati ule Bunia na Ituri yote tulikuwa chini ya jimbo lililotawaliwa kutoka Stanleyville. Lumumba mwenyewe alikuwa ametoroka Léopoldville mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja akitaka kumfuata kule. Akakamatwa njiani, na tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 akauawa Katanga pamoja na Mpolo na Okito. Serikali ya makamu ikatambuliwa na Misri, China, Urusi ya Kisovieti na nchi nyingine. Mwezi wa nane 1961 wakaelewana, Cyrille Adoula akawa Waziri Mkuu, na Gizenga akapewa tena kiti kile kile cha makamu. Mwezi wa kwanza 1962 alikuwa amekamatwa. Akafungwa kwenye kisiwa cha Bula Bemba, kule mdomoni mwa mto, mpaka 1964.

Simwandiki Gizenga kama malaika. Nchi wakati ule ilikuwa imepasuka vipande, na kila kipande kilikuwa na serikali yake, na waliolipa ni raia wa kawaida. Lakini angalau ukiuliza makamu ni nani na kazi yake ni nini, jibu lilikuwepo.

Miaka ya Mobutu napita haraka. Mwaka 1966 aliondoa hata kiti cha Waziri Mkuu chenyewe, kikarudi 1977 kwa jina lingine. Mzee Laurent-Désiré Kabila alipoingia 1997, naye hakutaka Waziri Mkuu. Bila Waziri Mkuu hakuna makamu wake, hesabu ni rahisi.

Halafu ikaja 2003, na hapo nakumbuka kwa macho yangu. Nilikuwa mtoto wa shule. Mwezi wa tano wa mwaka ule Bunia iliwaka, watu wakakimbilia uwanja wa ndege na kwenye ua wa MONUC, na sisi tulikuwa kati ya hao. Mwezi wa sita wakaingia askari wa Ulaya wa operesheni Artemis. Tarehe 17 mwezi wa saba baba alikuwa na redio yake ndogo sikioni, akatuambia tunyamaze: kule Kinshasa walikuwa wanaapishwa makamu wa Rais wanne kwa mpigo. Jean-Pierre Bemba wa MLC, Azarias Ruberwa wa RCD, Yerodia Ndombasi wa upande wa serikali, Z'ahidi Ngoma wa upinzani usio na silaha. Watu waliita 1+4, Kabila mmoja na wanne wake. Mapatano yake yalitiwa sahihi Pretoria, mwezi wa kumi na mbili 2002. Kila makamu alipewa fungu lake: uchumi na fedha, siasa na ulinzi, ujenzi wa nchi, mambo ya kijamii.

Baba alicheka, akasema nyumba moja yenye baba watano, watoto watakula wapi. Lakini niseme ukweli, maana wanaotetea wingi wa VPM leo wanatumia mfano huu, na hawana kosa kabisa. Kati ya wale wanne kulikuwa na waliotoka na bunduki wakaingia ofisini. Vita vile vikubwa vya kugawana nchi vilisimama, tukafika kwenye uchaguzi wa 2006. Viti vile vilikuwa bei ya kunyamazisha silaha, na mimi niliyelala kwenye saruji ya uwanja wa ndege siwezi kusema bei ile ilikuwa kubwa mno.

Tatizo langu ni kwamba bei ile tumeendelea kuilipa hata pale ambapo hatununui tena kitu. Katiba ya 2006 ilifuta makamu wa Rais. Viti havikufutika, vilihama tu nyumba, vikaingia kwa Waziri Mkuu. Tazameni majina. Bemba aliyekuwa makamu wa Rais 2003 alirudi 2023 akiwa VPM wa Ulinzi, na 2024 VPM wa Usafiri. Gizenga, makamu wa 1960, akawa Waziri Mkuu mwishoni mwa 2006, mzee wa miaka 81. Alipojiuzulu 2008 akamfuata Adolphe Muzito. Na huyu Muzito, aliyekuwa Waziri Mkuu mzima mpaka 2012, mwezi wa nane 2025 ameingia serikalini akiwa VPM wa Bajeti, chini ya mama Suminwa. Mtu aliyeketi juu anarudi kuketi pembeni. Kwa desturi zetu si aibu mzee kumsaidia binti yake kazi, lakini inaonyesha cheo hiki kimekuwa nini: mahali pa kumweka mtu mwenye uzito ili mtumbwi usipinduke.

Kuna mara moja, tangu Katiba hii, ambapo makamu alikalia kweli kiti cha mkubwa kwa wiki nyingi. Mwezi wa tatu 2012 Muzito alijiuzulu kwa kuwa alikuwa amechaguliwa mbunge, na huwezi kushika yote mawili. VPM wa Posta na Mawasiliano, Louis Koyagialo, akashika nafasi mpaka mwezi wa tano, serikali ya Matata Ponyo ilipoingia kazini. Miezi miwili ya kushughulikia mambo ya kila siku tu, bila uwezo wa kuanzisha jipya. Na katika miezi hiyo hiyo, kule Kivu ya Kaskazini, askari walianza kuasi, na mwanzoni mwa mwezi wa tano likazaliwa jina M23. Sisemi Koyagialo alisababisha. Mambo ya ulinzi yanapita pia kwa Rais, na yule mzee alikuta kiti tu. Nasema kwamba siku moto unapoanza, nchi inahitaji kujua aliyebaki nyumbani ana ufunguo gani mkononi.

Kwenye jimbo tunajua. Gavana ana makamu mmoja. Kwa utaratibu wa kawaida wote wawili wanachaguliwa pamoja na wabunge wa jimbo, na hata katika hali ya dharura tuliyo nayo Ituri tangu mwezi wa tano 2021, gavana ni mwanajeshi na makamu wake ni wa polisi. Gavana akiitwa Kinshasa, mkuu wa mtaa anajua barua ampelekee nani. Mnaweza kuipenda hali ya dharura au kuichukia, na simu zenu zinaniambia mnachofikiri, lakini swali la nani anabaki halijawahi kuulizwa kwa gavana.

Sasa nirudi kwenye swali la nne la mama, ambalo ndilo gumu: sisi wa kampi tuko kwa nani kati yao?

Katika wale sita wa 2024, hakuna. Wizara inayoshika misaada ya kibinadamu na mambo ya kijamii haikupewa cheo cha VPM. Usafiri ulipewa. Kazi za Leta zilipewa. Mwaka 2023 shirika la Umoja wa Mataifa la uhamiaji lilihesabu wahamaji wa ndani karibu milioni 7 katika nchi yetu, na baada ya hapo Goma na Bukavu zikaanguka mwanzoni mwa 2025, watu wakahama tena hata kutoka kwenye kampi walizokuwa. Watu milioni kadhaa ni zaidi ya jimbo zima. Jimbo lingekosa kiti, wabunge wake wangesimama bungeni na kupiga kelele kwamba kifungu cha 90 kinataka serikali iwe na sura ya taifa lote. Wahamaji hawana mbunge wao. Wana karatasi ya kupokea msaada.

Hapa narudi kwenye yale maneno matatu. Ikiwa kuna haja. Kama haja ya VPM haionekani kwa watu milioni kadhaa walio nje ya nyumba zao, basi sijui inaonekana wapi.

Na si jambo geni ninalotaka. Mwezi wa kumi 2008, serikali ya kwanza ya Muzito ilikuwa na VPM watatu, na hawakupewa wizara, walipewa kazi: mmoja usalama na ulinzi, mmoja ujenzi mpya wa nchi, mmoja mahitaji ya lazima ya raia, yaani maji, afya, shule, yale yale yaliyo kwenye karatasi ya mzee. Huyu wa mwisho alikuwa Nzanga Mobutu. Sisemi kwamba ilifanikiwa. Siku zile zile vita vya Nkunda vilikuwa vinakaribia Goma, na mwanzoni mwa 2010 mpango ulibadilishwa, Nzanga akapewa wizara ya Kazi kama waziri mwingine yeyote. Lakini wazo lilikuwa zuri na liliachwa mapema mno. Makamu mwenye kazi inayopita katikati ya wizara ana maana, kwa sababu mambo ya mhamaji hayakai ndani ya wizara moja. Kurudi kijijini kunataka askari wa Ulinzi barabarani, polisi wa Mambo ya Ndani sokoni, mwalimu anayelipwa, daraja lililotengenezwa, na mtu wa kupatanisha mashamba yaliyolimwa na wengine. Waziri mdogo wa misaada hawezi kuwaita hao wote mezani. Makamu wa Waziri Mkuu anaweza. Kwa kazi ya namna hiyo kiti kirefu kina faida.

Mwenzangu mmoja wa redio aliniambia ninaota: VPM wa wahamaji atakuwa mdomo mwingine wa kulisha, na kabineti yake, na magari yake. Anaweza kuwa na haki. Ndiyo maana sitaki kuongezwa mwingine. Nataka mmoja wa waliopo avuliwe wizara ambayo waziri wa kawaida anaweza kuiongoza, apewe hii. Na makao yake yawe huku Mashariki angalau nusu ya mwaka, aone bashi zikivuja usiku, si saa nane mchana.

Wakati tunangoja hilo, na huenda tukangoja sana, komite za kampi zinisikilize. Mgeni akija, msitazame neno VPM, tazameni neno linalofuata. Akiwa wa Mambo ya Ndani, muulizeni polisi wangapi watakuja na vituo viko wapi, na vitambulisho vilivyoungua vitatengenezwaje. Wa Ulinzi, muulizeni kijiji gani jeshi liko na kijiji gani halipo, mtaje majina ya vijiji, msiseme tu “usalama”. Wa Uchumi, bei ya unga na vizuizi vya barabarani vinavyoipandisha. Wa Mpango, muulizeni yale majengo ya mradi wa territwari 145: shule, vituo vya afya, ofisi za utawala, yapi yamekwisha katika territwari yenu na yapi yamebaki misingi yenye majani. Wa Bajeti, mstari gani wa bajeti una jina la wahamaji, na fedha iliyotoka kweli ni kiasi gani. Maji na bashi mpelekeeni wa mambo ya kijamii, hata kama magari yake ni machache. Na mwandikeni tarehe mbele yake, kwa sauti, ili mikro isikie.

Karatasi ya mzee nimeomba ruhusa nikaipiga picha. Ina mistari minne. Nimeigawa kwa wizara, mstari mmoja mmoja, na nakala nimempelekea prezida wa kampi kwa dereva wa pikipiki. Kampi nyingine zikitaka, zilete zao studio, tutazipanga pamoja hewani.

Na wewe mama wa simu ya nne, namba yako nimeitafuta tangu Jumapili, haipatikani, nadhani simu haina moto. Jumamosi hii laini inafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Kama huna inite, bipu tu, sisi tutakupigia.